Pembetatu Mbili Chini ya Paa la Ramo

Paa la zizi la mdogo wangu Ramo lilianguka tarehe kumi na moja Februari, saa tatu asubuhi. Ndani mlikuwa na kondoo. Paa hilo lilichorwa na mtoto wa miaka kumi na tatu, na mimi ndiye niliyelijenga. Sote wawili tulikosea, lakini hatukukosea kwa namna moja, ndiyo maana naeleza kila kitu kuanzia mwanzo.

Mtoto huyo ni Selvira, binti wa Ramo. Kila siku aliamka kabla ya jua, akawafungulia kondoo, akanywa maziwa ya moto na kipande cha mkate wa mahindi, kisha akatembea kilomita mbili hadi barabarani kungoja basi la shule. Jioni alifanya mazoezi ya shule kwenye meza ya jikoni huku mama yake, Nurka, akikamua jibini kwenye kitambaa. Alikuwa mtoto wa maneno machache na hesabu nyingi.

Mwezi Agosti, radi ilichoma zizi la zamani, lile alilojenga babu yake. Ramo alijenga kuta mpya kwa matofali ya mashimo, yale mepesi, yenye unene wa sentimita ishirini na tano. Mwanzoni mwa Oktoba kuta zilikuwa zimesimama, lakini hazikuwa na paa. Mhandisi wa mjini alisema atakuja kutuchorea baada ya mwaka mpya.

Ramo hakuficha alichokusudia. Kondoo wakipata paa kabla ya Kasum, atabaki. Wasipolipata, atawauza wote na kwenda Ujerumani kubeba zege, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Pešter, nyanda zetu hizi za juu zenye baridi. Kasum ni tarehe nane Novemba, siku ambayo kondoo huingizwa ndani, kwa sababu baada ya hapo theluji haimngoji mtu. Selvira alikuwa akiosha vyombo baba yake aliposema hayo. Alisimama na sahani mkononi, maji yakimchuruzikia kwenye viatu.

"Baba," alisema, "shuleni tuna programu ya kuchora mapaa. Inapima nguvu ndani ya kila mbao. Naweza kulichora letu."

Ramo alinitazama. Mimi ni fundi seremala. Nimepaua nyumba na mazizi kwa miaka ishirini na sita, lakini shule niliacha darasa la sita.

"Achore," nilisema. "Mhandisi asiyekuja anatusaidia nini?"

Aliyefundisha ufundi na kompyuta pale shuleni ni Mwalimu Gordana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye kituo cha basi. Siku ya kwanza ya somo hilo aliwaambia wanafunzi:

"Hii programu haijui nyumba yenu. Haijui baba yako ni nani wala ukuta wenu ukoje. Inajua ulichoiambia tu. Ukiidanganya, itakujibu uongo kwa hesabu safi kabisa. Muamer, Selvira, njooni mbele. Vueni viatu."

"Mwalimu, soksi zangu zimetoboka," alisema Muamer, mtoto wa jirani yetu.

"Leo hatupimi soksi. Njoo."

Sakafu ilikuwa ya mbao zilizopigwa nta. Mwalimu aliwasimamisha wakitazamana, akawaambia wapandishe mikono, viganja viguse viganja, kisha warudi nyuma hatua mbili mbili hadi wakafanana na paa. Halafu akaikandamiza mikono yao kwa juu. Miguu ikateleza, na Muamer akaanguka kwa makalio.

"Zizi limeanguka!" alipiga kelele. "Waokoeni kondoo!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akavua skafu yake, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mguu wa Muamer na nyingine kwenye kifundo cha Selvira. Alipokandamiza tena, miguu ilikaa. Skafu ilikaza kama kamba ya kuanikia blanketi lililolowa.

"Hiyo skafu ndiyo mbao ya chini ya kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa," alisema. "Yenyewe inavutwa. Isipokuwepo, miguu ya paa inakimbia nje."

Kisha akawaonyesha kwenye kompyuta. Kila mguu wa kenchi unawekewa alama. Mguu mmoja unawekewa pembetatu, maana yake umeshikwa, hausogei. Mguu wa pili unawekewa pembetatu yenye magurudumu, maana yake unaweza kuteleza. Ukishaweka mzigo wa theluji, mbao zinazohimili zinakuwa kijani na zinazozidiwa zinakuwa nyekundu.

Selvira alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini isishikwe miguu yote miwili? Kwetu miguu yote huwa inazikwa ukutani."

Swali hilo lilikuwa halali. Huku kwetu ndivyo tulivyojenga siku zote. Tunazika miguu ya paa ndani ya ukuta na kuijazia chokaa na mawe, na mbao ya chini hatuweki kabisa. Nyasi kavu zinarundikwa mpaka kileleni, na mbao ikipita katikati inazuia uma wa kurushia nyasi. Baba yangu alijenga hivyo, na baba yake pia.

"Ukuta wa babu yako ulikuwa na unene gani?" aliuliza mwalimu.

"Mita moja. Mawe."

"Basi babu yako alikuwa na mlima kila upande. Huu wenu mpya?"

"Sentimita ishirini na tano. Matofali ya mashimo."

"Huo si mlima, binti. Weka magurudumu."

Selvira aliweka magurudumu. Alichora kenchi ya mita nane kama nilivyompimia, akaweka theluji kwa kipimo alichopewa na mwalimu. Programu ikajibu kwamba mbao ya chini itavutwa kwa tani mbili na robo. Alijaribu mbao nilizokuwa nazo, zikawa nyekundu. Alijaribu nene zaidi, nazo zikawa nyekundu. Zilikuja kuwa kijani alipoweka boriti nene iliyofungwa kwa vyuma na bolti kila upande. Nilikwenda kiwanda cha mbao kuulizia boriti za mita nane. Wakanijibu wiki sita.

Jioni hiyo tulikaa jikoni kwa Ramo. Selvira aliweka karatasi mezani.

"Hii nyekundu ni nini?" aliuliza Ramo.

"Ni mbao ya chini, Baba. Zile za Ami Zulfo hazitoshi," alisema akinionyesha mimi. "Inataka nene, na bolti."

"Sisi hatuweki mbao ya chini."

"Najua, Baba."

"Kiwanda kinasema wiki sita," nilisema mimi.

Ramo alivua kofia, akaiweka juu ya karatasi. "Wiki sita ni Disemba. Basi. Jumatatu nampigia mnunuzi wa kondoo."

"Ramo, mtoto anakula," alisema Nurka.

"Ale tu. Ale vizuri, mwakani nyama ya kwetu itakuwa ya kusimuliwa."

Hapo mimi nikafungua mdomo wangu. "Selvira, hiyo mashine yako haina njia nyingine? Babu yako hakuwa na kompyuta, na zizi lake lilisimama miaka hamsini." Nilisema hivyo kwa utani, nikichovya mkate kwenye supu. Mtoto hakuusikia utani. Alisikia mtu mzima, fundi, akimwambia atafute jibu lingine.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, aliingia peke yake kwenye chumba cha kompyuta. Alifungua mchoro, akaenda kwenye mguu wa kulia, akaondoa magurudumu na kuweka pembetatu ya kawaida. Kazi hiyo haikuchukua hata nusu dakika. Mchoro wote ukawa kijani. Mbao ya chini, ile ya tani mbili na robo, sasa ilisoma sifuri.

Muamer alikuwa ameingia na kusimama nyuma yake, tufaha mdomoni.

"We! Umeweka pembetatu mbili. Mwalimu akiona atakufunga ile skafu shingoni."

"Nyamaza, Muamer."

"Mimi nanyamaza. Ukuta je?"

"Nimesema nyamaza! Baba yako anarudi mara ngapi kwa mwaka?"

Muamer aliacha kutafuna. Baba yake alikuwa Ujerumani mwaka wa nne. Alitoka, na hakumwambia mtu.

Jioni Selvira alileta karatasi mpya. Ramo aliigeuza huku na huku chini ya taa. "Imekuwa kijani yote! Na hii sifuri?"

"Mbao ya chini haina kazi, Baba."

"Nilisema mimi!" Ramo alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Kaka, nilisema au sikusema? Hatuweki mbao ya chini!"

Nurka peke yake ndiye aliyeuliza jambo la maana. "Mwalimu ameiona?"

Selvira alitazama mkate wake. "Ameiona," alisema.

Mwalimu hakuwa ameiona.

Nami niliishika ile karatasi. Jana mbao inavutwa kwa tani mbili, leo haivutwi hata kidogo, na paa ni lile lile, theluji ni ile ile. Fundi mwenye miaka ishirini na sita ya kazi anapaswa kuuliza swali moja tu: umebadilisha nini? Sikuuliza. Nilitaka mdogo wangu abaki, na karatasi ilisema atabaki.

Tulipaua kwa wiki mbili na siku tatu. Tulizika miguu yote ukutani, kama desturi. Badala ya mbao ya chini nilipigilia ubao mwembamba kwenye kila kenchi, misumari mitatu huku na mitatu huku, kwa ajili ya kutundikia taa tu. Selvira alikuwa akinipa misumari kutoka kwenye ndoo. Tulipofika kenchi ya tatu alisimama.

"Ami, huwezi kuweka nene kidogo?"

"Ya nini? Mashine imesema sifuri."

"Najua. Nauliza tu."

"Mashine yako mwenyewe, mchoro wako mwenyewe, na sasa unaogopa? Lete misumari."

Alileta.

Siku ya Kasum kondoo arobaini na wanne waliingia chini ya paa jipya. Ramo alisimama mlangoni akiwahesabu kwa sauti, na baada ya kila kumi alisema alhamdulillahi. Nurka alioka pai kubwa ya jibini, majirani wakaja, wakamsifu Selvira mpaka wakachoka. Mzee mmoja alimpa jina la mhandisi wetu. Ramo alimkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawafanyi ovyo. Selvira alikaa mikononi mwa baba yake kama gogo.

Katikati ya Januari aliuona ufa. Ulikuwa chini ya mguu wa kenchi ya nne, upande wa kaskazini, ukipita kati ya tofali na tofali. Alichukua rula yake ya shule, akapima. Milimita tatu. Wiki iliyofuata ilikuwa tano. Mwisho wa mwezi ilikuwa tisa. Aliandika kila kipimo na tarehe yake kwenye daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma.

"Unafanya nini hapo?" Ramo alimkuta siku moja.

"Kazi ya shule, Baba."

"Vizuri. Soma, mwanangu." Akaendelea kugawa nyasi, akiimba.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema siku hiyo, na ufa anauona. Alinijibu kwamba kila siku aliyonyamaza ilifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi. Siku ya kwanza angekiri kosa la kubonyeza kitufe. Baada ya miezi mitatu alikuwa na uongo kwa mama, uongo kwa baba, misumari aliyonipa kwa mkono wake, na pai ya jibini aliyosifiwa nayo.

Theluji ya mwaka huo ilianza kavu na nyepesi. Hadi Februari ilikuwa imefika mita moja juu ya paa, na paa likaivumilia. Tarehe kumi Februari upepo ukageuka, ukaja wa joto, na mvua ikaanza kunyesha juu ya theluji. Theluji ikanywa maji yote. Shule ikafungwa kwa sababu basi halikuweza kupita.

Asubuhi ya tarehe kumi na moja Selvira aliingia zizini na rula yake, lakini rula haikuhitajika tena. Kidole chake kiliingia kwenye ufa mpaka kwenye kifundo. Baba yake alikuwa bado anakunywa kahawa. Hakwenda kwa baba yake. Alikuja kwangu, mita mia tatu, theluji ikimfika mapajani, na akafika hana kofia.

"Ami, nilibadilisha mguu."

"Mguu gani? Umeumia?"

"Mguu wa paa! Niliondoa magurudumu nikaweka pembetatu, kwa hiyo mashine ikadhani ukuta hausogei, lakini unasogea, Ami, unasogea tangu Januari, na mwalimu hakuona, nilidanganya, hakuona kabisa!"

Niliingiza miguu kwenye mabuti bila soksi.

Tulipofika, Ramo alikuwa ndani akigawa nyasi.

"Ramo! Watoe kondoo!"

"Kwenye mvua hii? Kaka, umelewa asubuhi yote hii?"

"Wallahi toka! Ukuta unaondoka!"

Alicheka kwanza. Kisha akainua macho pale nilipoonyesha, ukuta wa kaskazini, na akaona mwanga wa nje ukipita kati ya tofali na mguu wa kenchi. Akautupa uma.

Kondoo hawataki kutoka kwenye ukavu kwenda kwenye mvua. Tuliwasukuma, tukawapiga, tukawatukana. Walikuwa wakizunguka ukutani na kurudi pale pale. Mbwa alibweka mpaka sauti ikamkauka. Selvira alimshika pembe kondoo mwenye kengele, yule anayewaongoza malishoni, akamburuta kwa nguvu zake zote mpaka mlangoni, na alipotoka yeye, wengine wakaanza kumfuata. Ramo alikuwa kizingitini akiwasukuma nje mmoja mmoja. Nilikuwa nje ya mlango, nimehesabu kumi na watano, niliposikia ubao wa kwanza wa taa ukikatika.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama kijiti kinachovunjwa kwa goti. Kisha wa pili, kisha wa tatu, kwa haraka. Kuta zote mbili zikainama kuelekea nje, taratibu kabisa, na paa likashuka katikati yake pamoja na theluji yote. Baada ya hapo zizi halikuwepo. Palikuwa na rundo jeupe, na chini yake sauti.

Boriti ilimpiga Ramo begani na kumtupa nje. Mbwa alikuwa amerudi ndani.

Majirani walikuja na makoleo. Muamer naye alikuja, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Tulichimba mpaka adhuhuri. Wale tuliowapata hai walikuwa wamevunjika migongo na miguu, na hapakuwa na la kuwafanyia. Niliwachinja mimi, kwa bismillahi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkono ukafa ganzi. Ramo alikaa kwenye theluji ameshika bega lake.

Siku ya nne barabara ilifunguliwa, na Mwalimu Gordana alifika kwa trekta la kusafisha theluji. Alikuwa na kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa plastiki. Alikaa kwenye meza ile ile ya jikoni, akamwambia Selvira afungue mchoro. Aliutazama kidogo tu. Akarudisha magurudumu kwenye mguu wa kulia, akaweka ubao wa taa kama nilivyoupigilia, na akaweka theluji iliyolowa. Hesabu haikuchukua hata pumzi moja. Mbao ya chini ikawa nyekundu kwenye kila kenchi.

"Lakini programu ilisema kijani," alisema Ramo kwa sauti ndogo.

"Programu haikusema paa litasimama," alijibu mwalimu. "Ilisema litasimama kama kuta hazisogei. Hilo 'kama' aliliweka Selvira, kisha akakuonyesha picha bila kukwambia."

Selvira alikuwa amesimama karibu na jiko. "Nimewaua kondoo," alisema.

Nurka alifungua mdomo amtulize, lakini mwalimu aliinua mkono.

"Kwa sehemu, ndiyo. Sitakudanganya, umeshaona uongo unafanya nini. Ulipata jibu usilolipenda, ukabadilisha swali mpaka likakupa jibu unalolitaka. Kisha ukasema nimeona kitu ambacho sikukiona. Ungeniletea, ningekwambia kwa maneno mawili. Hata Januari, na ule ufa wa milimita tatu, tungefunga kamba za chuma kutoka ukuta hadi ukuta, kazi ya siku moja. Ulikuwa na nafasi nyingi za kusema, na ukatumia ya mwisho. Hiyo ya mwisho imewatoa baba yako na ami yako wakiwa hai. Lishike na hilo pia, kwa sababu nalo ni kweli."

Kisha akatugeukia sisi. "Na ninyi wawili. Mlimuuliza mtoto swali huku mmeshamwonyesha jibu mnalolitaka. Wewe Ramo ulimwambia atampoteza baba. Wewe Zulfo ni fundi. Usiniambie hukuiona ile sifuri."

"Niliiona," nilisema.

"Basi."

Ramo alimwita binti yake kwa mkono uliokuwa mzima. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ulisema utaenda."

Ramo alimvuta akae kando yake. "Nilisema," alijibu.

Theluji ilipoyeyuka, Selvira alisimama mbele ya darasa akaeleza alichofanya, bila kuacha kitu. Mwalimu hakumlazimisha. Kisha sisi watatu, mimi, yeye na Muamer, tulipita kila zizi jipya la hapa kwetu na futi ya kupimia. Tulikuta matatu yenye miguu iliyozikwa kwenye kuta nyembamba na bila mbao ya chini. Mawili kati yake niliyajenga mimi. Selvira aliyachora upya, magurudumu mahali pake, mwalimu akakagua na kutia sahihi, na nikayafunga kwa vyuma vyenye nati kutoka ukuta hadi ukuta. Yote matatu yamepita baridi mbili bila ufa. Wenye mazizi hayo walinishukuru. Kwa Ramo shukrani hizo hazikubadilisha kitu.

Hesabu yetu ni hii. Kondoo ishirini na tisa walikufa, na ishirini na wawili kati yao walikuwa na mimba. Mbwa alikufa. Mfupa wa bega la Ramo ulivunjika sehemu mbili, na mkono huo haupandi tena juu ya kichwa. Kondoo kumi na watano waliobaki waliuzwa Aprili. Tarehe tatu Mei Ramo alipanda basi la Ujerumani, na huko anaendesha mashine ya kufagia, kwa kuwa zege hawezi kubeba. Tangu siku hiyo hadi leo imepita miaka miwili na miezi minne. Selvira na mimi tulikaa na kalenda tukajumlisha siku ambazo baba yake amelala nyumbani. Ni thelathini na nne.